Buti la Kushoto la Luteni

Jumamosi tulimwacha Fundi Viatu amepiga magoti kwenye tope, mkono mmoja umeshika mguu wa maiti, na askari ishirini wameacha makoleo yao wakimtazama. Wapo walioniandikia barua wakidai nimewaonea kukata pale. Haya basi, twendeni, tope lenyewe halijakauka.

"Mabuti yake yako wapi?" alipiga kelele Fundi. "Nani amemvua Luteni mabuti?"

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Mvua ya siku tatu iliangusha ukuta wa handaki la mbele, na ndani ya udongo akatoka Luteni, kibati cha jina shingoni, miguu mitupu. Ni Luteni yuleyule ambaye kikosi kizima kiliamini amefia kule mbele, kwenye seng'enge za adui, siku tisa zilizopita, akiongoza shambulio lililoua watu arobaini na mmoja.

Shambulio lile halikutakiwa kufanyika. Kapteni aliandika amri ya kulisimamisha, na kwa kuwa makombora yalikuwa yamekata waya za simu, akampa tarishi aipeleke kwa miguu. Tarishi anaapa alimkabidhi Luteni mkononi. Mahakama ya vita ilikaa dakika ishirini ikasema muongo: kama Luteni aliongoza shambulio, basi amri haikumfikia. Leo saa tisa alasiri tarishi atapigwa risasi.

Jina lake la utani ni Mbio. Dada yake ndiye mke wa Fundi Viatu.

Kapteni alifika akiruka madimbwi, mkono wake mmoja umefungwa bendeji. Nyuma yake alikuja Sajini, mtu aliyerudi kutoka shambulio lile na watu tisa tu. Sajini aliinama, akageuza kichwa cha maiti, akakitazama kisogoni.

"Amepigwa kwa nyuma, mkuu. Kwa kitu kizito. Hii si kazi ya adui."

Fundi aliachia mguu wa maiti. "Basi hakutoka humu handakini! Mkuu, hakuongoza shambulio lolote. Kwa hiyo huenda amri ilimfikia. Huenda Mbio alisema kweli!"

Kapteni alimtazama marehemu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ulionyesha shaka. Fundi aliiona shaka ile akaishikilia kwa roho yake yote.

"Au aliyeileta ndiye aliyemuua," alisema Sajini, taratibu tu, kama mtu anayekumbusha saa ya chakula. "Nani aliingia handaki la mbele alfajiri ile akitokea nyuma? Tarishi peke yake. Mimi nilipokuja kumtafuta Luteni sikumwona, nikadhani ametangulia. Giza lile ungemwona nani?"

"Amuue kwa sababu gani?" Fundi alifoka.

"Hiyo atamweleza Mungu," alisema Kapteni, na ile shaka ikafungwa kama dirisha. "Nilidhani nina mwoga, kumbe nina muuaji. Saa ni ileile, tisa. Fundi, ukitaka kusimama naye kama ndugu, nitakupitia saa tisa kasorobo."

Akaondoka. Dakika moja nzuri Fundi alikuwa amemwokoa shemeji yake. Dakika iliyofuata alikuwa amemwongezea kosa.

Sasa nisikilizeni, maana lazima niwaeleze kazi ya Fundi. Bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu huyu alibaki pale kwenye tope na hakusema neno.

Katika jeshi lile mabuti hayakutosha. Kila aliyekufa alivuliwa mabuti kabla ya kuzikwa, mabuti yakatupwa ndani ya gunia, gunia likapelekwa kwa Fundi. Fundi alikwangua tope, akatoa kilichohitaji kutolewa, akagonga soli mpya na kumkabidhi aliye mbele kwenye foleni. Walio hai walitembea ndani ya mabuti ya waliokufa. Kila mtu alijua na hakuna aliyelizungumza akiwa na sahani mkononi.

Kazi ya kuwavua maiti ilikuwa ya Sajini. Miezi minane alikuwa akiifanya, kila siku, mpaka mkono wake ukawa unafanya wenyewe.

Siku ya pili baada ya shambulio, Sajini alileta gunia. "Ya kule mbele," alisema, akalibwaga mlangoni. Ndani yake Fundi alikuta mabuti ya Luteni.

Asingeweza kuyakosea. Mguu wa kushoto wa Luteni ulikuwa mfupi kidogo, na kisigino cha buti lile Fundi alikipandisha kwa ngozi tatu, moja juu ya nyingine. Tena ndani, chini ya ngozi ya unyayo, alimshonea kimfuko. Humo Luteni aliweka kila amri aliyopokea, kwa sababu adui akikukamata hupekua mifuko ya nguo kwanza. Siri ya kimfuko kile waliijua watu wawili.

Fundi alilia siku ile, maana Luteni alikuwa mtu mwema. Halafu akafanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Mabuti ya Mbio yalikuwa yamefumuka, vidole vinavuja damu, na kwenye foleni alikuwa wa kumi na nne. Fundi akashusha kile kisigino kikawa sawa na mwenzake, akashona kimfuko kwa haraka bila hata kutia kidole ndani, akayapaka tope yaonekane ya zamani, akamvalisha shemeji yake kabla foleni haijanusa.

Wiki nzima hakuliwazia tena. Sasa mwenye mabuti ametoka ukutani, hatua themanini nyuma ya seng'enge za adui ambako hakuwahi kufika. Aliyemvua ndiye aliyemfukia, na aliyeleta gunia ni huyohuyo.

Fundi aliinua macho. Sajini alikuwa bado amesimama pale, anamtazama yeye.

Ungesema nini, msomaji? Useme Sajini ndiye aliyeleta yale mabuti? Utaulizwa yako wapi. Utajibu yako miguuni mwa Mbio. Nani alimvalisha? Mimi, mume wa dada yake, kwa siri. Hapo hapo watakufunga kwenye mti wa pili, kando ya Mbio.

Lilibaki tumaini moja tu, nalo lilikuwa ndani ya kimfuko. Kama amri ya Kapteni ilikuwa mle, basi Luteni aliipokea akiwa hai, akaisoma, akaiweka mwenyewe. Mbio angekuwa amefanya kazi yake na angeondoka na uhai wake.

Saa ya Fundi ilionyesha saa nane na dakika tano.

*

Walimfungia Mbio kwenye ghala la viroba vya mchanga. Mlinzi alimwangalia Fundi, akaangalia kando. "Dakika kumi, Fundi. Mimi sijakuona."

Mbio alikuwa amekaa juu ya sanduku la risasi. Umri wake miaka ishirini na mbili.

"Shemeji! Umekuja kunipima viatu vya safari?"

"Mabuti yako yako wapi?"

"Hata salamu hakuna? Kweli fundi ni fundi."

"Mbio, nakuuliza, yako wapi?"

Ndipo Fundi alipotazama chini. Miguu ya kijana ilikuwa mitupu juu ya mbao zilizolowa.

"Wamenivua asubuhi," alisema Mbio. "Si ndiyo utaratibu wenu? Mimi wamenivua mapema tu, yasije yakaingia damu." Akacheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Yako kwenye gunia?"

"Gunia lipi! Sajini ameyavaa. Yake yameoza. Aliyajaribu pale pale mlangoni, akasema yamemkaa kama yalikatwa kwa mguu wake."

Muuaji alikuwa anatembea juu ya ushahidi wa kosa lake mwenyewe, hatua kwa hatua, na hana habari.

"Niambie mimi, si mahakama," alisema Fundi. "Ile karatasi uliifikisha?"

"Nilimpa mkononi, shemeji. Aliisoma kwa tochi, akanipiga bega, akasema nenda ukalale. Sajini alikuwa amesimama karibu kama wewe ulivyosimama. Nilisema hivyo mahakamani, naye akasema hakuniona." Mbio alisugua mguu mmoja juu ya mwingine. "Nilikimbia kweli siku ile. Sijawahi kukimbia vile."

"Najua."

"Dada usimwambie nilikuwa pekupeku."

"Mbio..."

"Usimwambie. Alinilea yeye. Alikuwa akininunulia mimi viatu kabla ya kununua vyake, mpaka watu wakawa wanamcheka. Atalia kwa hilo kuliko kwa risasi yenyewe."

Fundi alimkumbatia kwa nguvu, harufu ya ngozi na gundi ikamjaa kijana puani. Hakumwahidi kitu, kwa sababu hakuwa na uhakika wa kitu. Alitoka bila kugeuka nyuma na machozi yanamtoka wazi wazi mbele ya mlinzi.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa shimo lililochimbwa ubavuni mwa handaki, paa la magogo, turubai mlangoni, benchi moja, taa moja ya mafuta iliyowaka hata mchana. Kutani yalining'inia mabuti yakisubiri miguu.

Alikuwa anawaza atamvuaje Sajini buti bila kumshtua, atamwita kwa kisingizio gani, atasema nini. Hakuwa na haja. Saa nane na nusu turubai ilifunuliwa na Sajini akaingia mwenyewe.

"Umeuliza mabuti ya Luteni mbele ya watu," alisema. Bastola ilikuwa kiunoni, kifuniko cha mkoba wake kimefunguliwa. "Kwa nini?"

Sajini alipopiga hatua ya pili, buti la kushoto lililia. Nyii. Kilio chembamba, cha ngozi iliyoshonwa kwa haraka.

"Mimi ni fundi, Sajini. Nikiona maiti naangalia miguu. Wewe si unaangalia kama ana bunduki?" Akaonyesha kwa kidole. "Hilo la kushoto linalia."

"Lilie."

"Saa tisa wewe ndiye utakayetoa amri ya kufyatua. Uwanja wote kimya, Kapteni amesimama, na wewe unatembea nyii, nyii, nyii. Watu watacheka. Siku kama ya leo watu hucheka kwa kitu kidogo."

Sajini alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa makombora. Alisita, akatazama saa, akakaa kwenye benchi. Akavua buti la kushoto na kumsogezea kwa ncha ya kidole.

"Dakika tano. Na mimi nakaa hapa hapa."

Fundi alichota misumari midogo akaitia mdomoni, minane, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Fundi yeyote wa viatu ndivyo anavyofanya kazi, misumari kati ya midomo, mikono huru. Akavuta buti mapajani, akachomeka kisu chini ya ngozi ya unyayo na kuanza kukata uzi wake mwenyewe.

Sajini alikuwa akitazama turubai, si buti.

"Wewe una shemeji," alisema ghafla. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Unajua hilo?"

Fundi alitikisa kichwa, misumari mdomoni.

"Alinasa kwenye seng'enge zao, wiki moja kabla ya shambulio. Hakufa mara moja. Siku nne, Fundi! Nilikuwa namsikia akiomba maji, na mimi niko hatua themanini, nimekatazwa kutoka. Siku ya tano akanyamaza." Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira hata kidogo. Fundi alimwonea huruma, na huruma ile ilimuudhi. "Nikaambiwa subiri, kutakuwa na shambulio, utamlipia. Nikasubiri. Halafu alfajiri yenyewe Luteni anasoma karatasi mara mbili mbili na kuniambia tusitoke, turudi tukalale..."

Mkono wake ukashuka kiunoni, kwenye bastola.

Mkono wa Fundi ulisimama. Kwa pumzi moja mtu huyu alikuwa amekiri kwamba karatasi ilifika, na aliyekiri alijua amekiri. Taa ya mafuta ilitoa sauti ndogo. Wala Fundi hakuweza kushtuka kwa sauti. Misumari minane ilimziba.

"Umesikia nini?" aliuliza Sajini.

Fundi alitikisa kichwa. Akaendelea kukata. Uzi wa mwisho ukakatika, ngozi ikainuka, akapitisha kidole ndani ya kimfuko.

Karatasi.

Ilikuwa imekunjwa mara nne, unyevu kidogo, ngumu pembeni. Kona moja ilionyesha mstari wa kalamu ya bluu. Kikosi kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika kwa kalamu ya bluu, naye ni Kapteni.

"Nimekuuliza umesikia nini!"

Sajini alisimama, mguu mmoja una buti, mwingine soksi. Bastola ilikuwa mkononi sasa. Alikuja akichechemea, akainama juu ya Fundi. Katika kuinama kwake kivuli chake kiliifunika taa, na katika giza lile la kufumba na kufumbua, Fundi alifanya kitu ambacho mkono wake ulikizoea kwa miaka kumi na minane. Aliupeleka mdomoni, kama anayeongeza msumari.

Sajini alinyakua buti. Akaona ngozi iliyofunuliwa, akaona kimfuko. Akatia vidole vyake ndani, akavizungusha. Patupu.

Alimtazama Fundi. Sasa alijua yale yalikuwa mabuti ya nani.

"Nilimvua," alisema polepole. "Sikufikiri hata. Nilimvua kama ninavyomvua kila mtu." Akaikaza bastola. "Humu mlikuwa na nini? Fungua mikono."

Fundi alifungua mikono. Gundi, masizi, alama za sindano. Hakuna kitu.

"Mifuko."

Uzi wa katani, kipande cha nta, barua ya mkewe. Sajini aliirusha barua chini bila kuisoma.

"Sema!"

Fundi alinyoosha kidole kwenye midomo yake iliyobana misumari, akainua mabega, kama fundi yeyote anayesumbuliwa kazini. Chini ya ulimi karatasi ilikuwa inaanza kulainika. Alijaribu kutomeza mate. Aliomba kalamu ya bluu iwe ya aina isiyofutika.

Huko nje ngoma ya kikosi ilipigwa mara moja. Turubai ikafunuliwa. Sajini, kwa wepesi wa ajabu, alijisogeza nyuma ya Fundi, na mdomo wa bastola ukamgusa uti wa mgongo, chini ya kamba za aproni.

Alikuwa Kapteni, kofia mkononi, macho mekundu. Nyuma yake, kwenye mvua, Mbio alisimama kati ya walinzi wawili, pekupeku, mikono imefungwa.

"Saa tisa kasorobo," alisema Kapteni. "Sajini, mbona uko na soksi?"

"Buti linashonwa, mkuu. Tunamaliza."

"Fundi." Kapteni alikohoa, na sauti yake haikuwa ngumu kama kule kwenye tope. "Kanuni inaruhusu ndugu aseme neno moja. Kama unalo, liseme sasa, mbele yangu."

Fundi alimtazama Mbio. Mbio alijaribu kumtabasamia, na miguu yake ilikuwa ya bluu kwa baridi. Bastola ilisukumwa mgongoni, mara moja, kwa nguvu.

"Umm," alisema Fundi.

"Bwana, tema hiyo misumari useme kama mtu!" Kapteni alifoka kwa uchungu, akapiga hatua mbele na kumnyooshea kiganja chake kizima, kile kisicho na bendeji.

Fundi alimfikiria mkewe, akining'iniza jozi ya viatu vidogo mbele ya macho ya mdogo wake, zamani, kabla ya vita. Akainama juu ya kiganja cha Kapteni. Akafungua mdomo.

Msumari wa kwanza ulianguka. Wa pili. Wa tatu na wa nne ilitoka pamoja. Sajini alikuwa anahesabu naye, pumzi yake ilisikika. Wa tano. Wa sita, wa saba, wa nane.

Kapteni alitaka kufunga kiganja. Fundi alimshika kiwiko, asikifunge, akatema kitu cha tisa.

Kililala pale kati ya misumari, kidogo, cheupe, kimelowa, kimekunjwa mara nne. Kwenye kona yake kulikuwa na mstari wa bluu. Kapteni aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

Na nyuma ya mgongo wa Fundi, bastola ikakokiwa: tk.